Sifuri moja mbele ya namba inavyoweza kuzuia meseji isikufikie

Umejaza namba yako kwenye fomu ya mtandaoni, 0712 na kuendelea, unasubiri meseji ya uthibitisho. Dakika tano, kimya. Unalaumu mtandao, kumbe wakati mwingine shida iko mwanzoni mwa namba.

Ile sifuri ni ya kupigiana ndani ya nchi tu. Ukitanguliza 255 ya Tanzania, sifuri inatakiwa itoke, zifuate tarakimu 9. Mfumo usipoikata inazaliwa 2550712..., namba ambayo haipo. Na watu tunaandika kila namna: 0, 255, +255, wengine wanaacha nafasi mbele bila hata kujua.

Kwa hiyo anayetengeneza programu lazima akate vitu vya mwanzo. Kwenye lugha ya Python kuna lstrip. Ukiandika lstrip("0"), sifuri zote za mbele zinaondoka, safi kabisa.

Mtego uko hapa. Ukiandika lstrip("255") unadhani umeiambia itoe 255. Hapana, yenyewe inaelewa hivi: futa kila 2 na kila 5 utakayoikuta mbele, mpaka ukutane na tarakimu nyingine. Namba za mkononi zinaanza na 6 au 7, hivyo huoni tatizo. Siku akija mteja mwenye simu ya mezani ya Dar es Salaam, 255 22 21..., zile 2 zote zinaliwa na inabaki 1... Programu haitoi hata onyo!

Mimi iliniumbua nikisafisha orodha ya wateja wa duka la dada. Namba za mkononi zote zilikuwa sawa, za ofisini zikatoka vipande.

Dawa ilikuja na Python 3.9, mwaka 2020: removeprefix("255"). Hii inakata 255 kamili, mara moja tu, na isipoikuta mbele haigusi kitu. Wanaotumia PHP wajue ltrim ina tabia ileile ya lstrip.

Excel nayo ina kinyume chake: inafuta sifuri bila kuombwa, kwa sababu inaona 0712... ni hesabu. Kabla ya kubandika namba, chagua safu nzima na uiweke kwenye muundo wa maandishi. Ukichelewa, sifuri ishaondoka, na kubadilisha muundo baadaye hakuirudishi.

Halafu usikate sifuri kila mahali. Simu za mezani za Italia zinabaki na sifuri yake hata baada ya +39.