Bustani ya Brussels na fumbo la chembe pacha

Ukifika Brussels na familia, usiishie kupiga picha mbele ya Bunge la Ulaya tu. Ubavuni mwake ipo bustani ya Parc Léopold, na ndani yake jengo la zamani la Taasisi ya Fiziolojia. Siku hizi ni skuli. Oktoba 1927 walikutana hapo wanasayansi 29 katika Mkutano wa Solvay. Mwanamke alikuwa mmoja tu, Marie Curie.

Albert Einstein na Niels Bohr walibishana kweli kweli: je, chembe ina hali yake maalumu kabla hatujaipima? Bohr alisema swali hilo halina maana bila ya kipimo. Einstein hakukubali. Mwaka 1935, yeye na wenzake wawili, Podolsky na Rosen, wakaonesha jambo la ajabu: kwa hesabu za kwanta, chembe mbili zilizofungamana hubaki na uhusiano hata zikitenganishwa mbali.

Mtu atasema, mbona jepesi? Weka makubadhi katika masanduku mawili. Ukifungua moja ukaona la kulia, unajua la pili ni la kushoto. Lakini makubadhi yaliamuliwa tangu mwanzo. Mwaka 1964 John Bell alitoa hesabu ya kupima kama chembe nazo ziko hivyo. Majaribio yakajibu: haziko hivyo. Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger walipata Nobeli ya 2022 kwa kazi hiyo.

Sasa nyuzi zinaingia wapi? Nadharia ya nyuzi inasema chembe zote ni mitikisiko ya nyuzi ndogo mno. Mwaka 1997 Juan Maldacena alipendekeza kwamba ulimwengu wenye mvutano, unaoelezwa kwa nyuzi, unaweza kuandikwa wote kwa lugha ya kwanta kwenye mpaka wake, pasipo mvutano. Mwaka 2006 Shinsei Ryu na Tadashi Takayanagi wakaunganisha kiasi cha mfungamano kwenye mpaka na eneo la uso uliomo ndani. Mwaka 2010 Mark Van Raamsdonk akaonesha kwamba ukiupunguza mfungamano huo, anga ya ndani hunyooka na kukatika, kama mpira wa ubani unaovutwa. Yaani huenda mfungamano ndio unaoishona anga yenyewe.

Lakini tuweke mizani, maana watoto wetu husikia mengi mtandaoni. Mfungamano umethibitishwa maabara. Nadharia ya nyuzi bado haijathibitishwa kwa jaribio lolote. Na anga ya Maldacena ina umbo lisilolingana na la ulimwengu wetu. Tena mfungamano haupeleki ujumbe kwa kasi kuliko nuru. Basi anayekuuzia bangili ya "kwanta" ya kuponya maradhi, mwambie akauze kwengine.

Kijana wako akivutiwa, aanze na hesabu: aljebra na uwezekano. Huko ndiko Bell alikopata jibu ambalo ubishi wa Brussels haukulipata.