Baraka kwa anayekubali kuamka mapema

Wageni wengi wa Baraka, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, ni watu wenye haraka. Mtu anatoka Uvira na gari asubuhi, anapita Mboko na Nundu, anafanya mkutano wake, analala usiku mmoja na kurudi. Akiulizwa ameona nini, atataja vumbi, wakimbizi na vita. Aliyesoma vitabu ataongeza jina la Che Guevara, aliyevuka ziwa kutoka Kigoma Aprili 1965 akatua Kibamba, humuhumu wilayani Fizi, akaondoka Novemba mwaka huohuo. Yote ni kweli. Lakini inauma kuona mji wenye raha nyingi hivi ukikumbukwa kwa mabaya yake tu.

Raha za Baraka ziko ufukweni, na anayezipangia ratiba ni mwezi. Ndagala, yaani dagaa wa ziwa hili, huvuliwa gizani, kwa taa. Mwanga huvuta wadudu wadogo wa majini, ndagala huwafuata wadudu, na mikebuka huja nyuma kuwawinda ndagala. Mwezi mpevu ukishamulika ziwa lote, taa ya mvuvi hupoteza nguvu, na wengi hubaki nchi kavu wakitengeneza nyavu. Kwa hiyo ukiwa na nafasi ya kuchagua tarehe, njoo siku za giza. Kaa nje usiku utazame taa zilivyotapakaa ghubani kuelekea rasi ya Ubwari. Hakuna tikiti wala kiongozi wa watalii.

Kisha amka kabla ya jua. Mitumbwi ikirudi, akina mama wenye mabeseni wanaingia majini hadi magotini, na bei inakatwa hapohapo kwa sauti ya juu.

“Mama, hizi ni za leo?”

“Za usiku huu, papa. Angalia macho yake!”

Ndagala mbichi hung'aa kama fedha, na hazizidi urefu wa kidole. Zinatandazwa juani, zinageuzwa kwa mkono, na kufikia mchana zimekauka na kujikunja. Chukua chache, tafuna ukiwa umesimama, chumvi hazihitaji. Mukebuka nao unachanjwa mbavuni, unapakwa chumvi na ndimu, unawekwa juu ya makaa. Uagize na bugali wa muhogo na sombe, yaani majani ya muhogo, iliyopikwa kwa mawese. Kwangu mimi, hakuna hoteli ya Bukavu inayofikia sahani hiyo.

Mawese yenyewe yanastahili kufuatwa hadi yanakotoka. Michikichi imejaa kando ya ziwa kuelekea Uvira, na chini yake utakuta watu wakichemsha matunda na kuyaponda, mafuta mekundu yakichuruzika. Ukisalimu vizuri utaruhusiwa kusimama na kuangalia. Salamu hapa huchukua muda: usiku, watoto, kazi, safari. Usiikatishe.

Wenye miguu imara wapande hadi Fizi penyewe, juu milimani, ambako hewa hubadilika na mashamba ya mihogo na mahindi ya Wabembe hushika pande zote mbili za njia. Hali ya usalama wilayani hugeuka ghafla, kwa hiyo uliza wenyeji kwanza, na wakikuambia subiri, subiri.

Raha ninayoipenda kuliko zote ni kuvuka ghuba kwenda Ubwari. Mpelelezi Richard Burton alifika kule mwaka 1858 akaandika kwamba ni kisiwa. Ni rasi, imeshikana na bara upande wa kusini, na ramani bado zinaiita ghuba hii kwa jina la Burton. Maji ya huko ni maangavu, na samaki wadogo wa rangi wanaonekana wakipita kati ya mawe ukiwa umekaa tu mtumbwini. Elewana nauli kabla ya kupanda, na uliza mapema mtumbwi wa kurudi unaondoka saa ngapi, kwani alasiri upepo ukianza manahodha wengi hawatoki.