Swali la Kwanza ni Lini

Mama mmoja wa Chakol, mchuuzi wa mahindi na maharagwe pale mpakani Malaba, aliingia chumbani kwangu mwishoni mwa Oktoba, akarudisha mlango, kisha akafungua leso aliyojifunga kiunoni. Ndani ya leso mlikuwa na mkanda wa mpira, na ndani ya mkanda tumbo lililobeba watoto wanne. Ngozi ilikuwa imelegea na kuangukia kinena, na kwenye mkunjo palikuwa na upele mwekundu wa jasho. "Daktari," akasema, "nataka liondoke kabla ya Krismasi. Mdogo wangu anaolewa Desemba, na nimechoka kuulizwa nitajifungua lini."

Nikamuuliza mtoto wa mwisho ana umri gani. Miezi saba, na bado ananyonya.

Kila mwaka Novemba ikikaribia, maombi ya aina hii huongezeka. Watu wanawaza harusi, wanawaza ndugu wanaorudi nyumbani, wanawaza picha. Bei wameshaiulizia. Jambo ambalo hawajaliuliza ni kama mwili wenyewe uko tayari, na kwa maoni yangu hilo ndilo la kuanza nalo. Upasuaji uleule, kwa mtu yuleyule, unaweza kumtuliza ukifanyika mwaka huu na kumharibu ukifanyika mwingine.

Tumbo la uzazi ni mfano mzuri. Mbele ya tumbo kuna misuli miwili mirefu inayoshuka sambamba, nayo mimba huitenganisha. Wanawake wa Pwani wanalijua hilo tangu zamani, ndiyo maana mzazi hufungwa mkaja siku za arubaini. Baada ya kuzaa misuli hurudiana polepole kwa miezi kadhaa, na mara nyingi sehemu kubwa ya kazi mwili huimaliza wenyewe. Kwa hiyo tunasubiri angalau miezi sita baada ya kuachisha ziwa, uzito ukiwa umetulia, tena mwanamke akiwa na hakika kwamba amemaliza kuzaa. Mimba nyingine ikija, misuli tuliyoishona itafunguka upya.

Halafu kuna kazi. Upasuaji wa kukaza tumbo huacha kovu kutoka nyonga hadi nyonga, na kwa wiki sita hivi haturuhusu kunyanyua mizigo. Mtu anayeshinda akisukuma magunia ya kilo 90, na kuinama mara mia kwa siku kujaza gorogoro, ataishi vipi wiki sita hizo? Na akipasuliwa Nairobi, atarudije? Basi la usiku hadi Malaba linapita zaidi ya kilomita 400, abiria amekaa magoti yamekunjwa. Damu ya mtu aliyetoka kupasuliwa huganda kwa urahisi, hasa kwenye mishipa ya miguu isiyotikisika. Donge likichomoka huko huenda likaziba mshipa wa mapafu, na mtu akafa siku ambayo kidonda chake kinaonekana kizuri kabisa. Hili nalisisitiza kwa kila anayetoka mbali: panga mahali pa kulala karibu na hospitali kabla hujapanga tarehe.

Wapo wanaosema watu wanaoomba upasuaji wa namna hii wamezidiwa na majivuno. Sikubaliani nao, na sababu yangu iko karibu na hapa. Ukitoka Busia kwenda Malaba utapita Alupe, ambako wagonjwa wa ukoma walitibiwa kwa miaka mingi na ambako kulikuwa na kituo cha utafiti wa ukoma cha Afrika Mashariki. Ukoma hula nyusi. Mgonjwa aliyepona kabisa, asiyeweza kumwambukiza yeyote, alitambulika sokoni kwa paji la uso lisilo na nyusi, akafukuzwa. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore, kusini mwa India, kuanzia miaka ya 1940, alikuwa akiwarekebishia wagonjwa wake vidole ili waweze kushika jembe, kisha akagundua kwamba wanaomba pia nyusi. Akawahamishia ngozi ya kichwani yenye nywele. Nywele hizo ziliendelea kurefuka kama za kichwani, wenyewe wakawa wanazipunguza kwa mkasi. Je, huo ulikuwa urembo au tiba? Mimi nauita ruhusa ya kupita sokoni bila kuangaliwa, na wengi wanaokuja kwangu wanatafuta hiyohiyo.

Hata madaktari wetu wa ndege wametoka kwenye fani hii ya upasuaji wa maumbile. Shirika lao, AMREF, lilianzishwa mwaka 1957 na Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, wote watatu mabingwa wa kurekebisha maumbile. McIndoe alikuwa amejijengea jina Uingereza kwa kuwarudishia nyuso marubani walioungua vitani.

Lakini siku hizi kuna ombi jingine, nalo linakuja na picha kwenye simu: "Nifanye hivi." Kunyonya mafuta tumboni na kuyahamishia kwenye makalio ndiko kunakotajwa zaidi. Mwaka 2018 vyama vya kimataifa vya madaktari wa fani hii vilitoa onyo, vikikadiria kwamba huenda mtu mmoja kati ya 3,000 alikuwa akifa kwa upasuaji huo. Mafuta yakidungwa ndani ya msuli wa kalio huweza kupenya kwenye mishipa minene iliyopo humo, yakakimbilia moyoni na mapafuni. Ndiyo maana agizo sasa ni kuyaweka chini ya ngozi tu, juu ya msuli. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki baada ya kunyonywa mafuta jijini Nairobi, na baraza la madaktari, KMPDC, likafunga kliniki iliyohusika. Majina ya madaktari na vituo vyenye leseni yako kwenye sajili ya baraza hilo mtandaoni, na kuyatafuta ni kazi ya dakika tano.

Anayeleta picha namuuliza kwa nini sasa. Akisema amewaza jambo hilo miaka mitatu, tunaendelea na mazungumzo. Akisema mume amemwambia neno wiki jana, au ametoka kuachwa, au yuko kwenye matanga, namwomba arudi baada ya miezi mitatu. Wengine hawarudi, nami huona hiyo ni habari njema.

Kuna kundi ambalo mpaka wetu hulizalisha: waliojichubua. Krimu zenye zebaki, haidrokwinoni au dawa kali za steroidi zimepigwa marufuku Kenya, lakini zingali zinapitishwa mpakani na kuuzwa. Steroidi hupunguza unene wa ngozi mpaka inakuwa kama karatasi iliyolowa. Uzi unaikata, kidonda kinakawia kufunga. Ukinificha kwamba unapaka, nitakuja kuligundua nikiwa nimeshika sindano, na wakati huo nimechelewa.

Na kabla hujakubali kisu chochote, tazama masikio yako na ya ndugu zako. Ngozi nyeusi hupata kwa wingi yale makovu yanayovimba na kukua kupita kidonda chenyewe. Kuyakata tu, bila kuyadunga dawa baadaye, mara nyingi huyafanya yarudi. Miongoni mwa watu wenye makovu hayo, utafiti mmoja ulionyesha kwamba waliotobolewa masikio kabla ya miaka 11 walivimba mara chache kuliko waliotobolewa baadaye. Ila kuna jambo moja ambalo kusubiri hakulifai: mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura. Huyo hushonwa akiwa na miezi mitatu hivi, na kaakaa kabla ya mwaka mmoja na nusu, ili ajifunze kusema na kinywa kilicho kamili.

Yule mama wa Chakol nilimwandikia dawa ya upele, kisha nikamchorea kalenda nyuma ya kadi yake: kuachisha ziwa, miezi sita, msimu mkuu wa mahindi upite. Akaitazama kwa muda. "Na hiyo miezi yote, daktari, nikae tu?"

Nikamlaza kitandani, magoti juu, nikamwambia ainue kichwa kidogo. Vidole vyangu vitatu vilizama kati ya misuli, juu kidogo ya kitovu. Nikamshika mkono, akajipima mwenyewe. Nikamwonyesha jinsi ya kutoa pumzi huku akivuta kitovu ndani, ahesabu mpaka kumi, arudie asubuhi na jioni. Tukaandika Machi kwenye kadi, turudi kupima vidole vingapi vimebaki.