Wabunifu majengo na hasara ya saa zisizoandikwa

NYUMBA imesimama, mwenyewe amehamia, lakini ofisi iliyochora ramani inakopa ili ilipe mishahara. Ofisi ndogo za wabunifu majengo zinazokumbwa na hali hii zinafanana na mkulima anayehesabu mbegu na mbolea, akasahau siku alizopalilia.

Chukua mfano wa ofisi ya watu wanne jijini Dar es Salaam. Mishahara, pango, umeme na vifaa vinaigharimu Sh milioni 6.4 kwa mwezi. Ukiondoa muda wa vikao, zabuni na kufuatilia vibali manispaa, saa zinazobaki kwa kazi za wateja ni 400. Kwa hiyo kila saa inagharimu Sh 16,000. Kazi yenye ada ya Sh milioni 4.8 haina faida tena ikifikisha saa 300. Mteja akibadili ngazi na vyumba mara tatu, saa zikafika 380, hasara ni Sh milioni 1.28.

Bila kumbukumbu, ofisi haina msingi wa kudai nyongeza. Hapo ndipo programu ya kompyuta ya kuandika saa na kutoa ankara inaposaidia.

Kabla ya kuinunua, ofisi iorodheshe kazi zake na kugawa kila moja kwa hatua: michoro ya awali, michoro kamili, zabuni na usimamizi wa ujenzi. Kila mtu, mkurugenzi akiwamo, aandike saa zake siku hiyo hiyo. Anayesubiri Ijumaa aikumbuke Jumatatu anabahatisha.

Ankara itolewe mara hatua inapokamilika. Programu ipangwe kikodi pia. Kwa ofisi iliyosajiliwa VAT, ada ya Sh milioni 2 ikiongezwa asilimia 18 huwa Sh 2,360,000. Mteja anayetakiwa kuzuia kodi ya asilimia 5 ya ada hukata Sh 100,000, hivyo benki huingia Sh 2,260,000. Ofisi idai hati ya kodi hiyo iliyozuiwa, la sivyo fedha yake inapotea.

Ankara haichukui nafasi ya risiti ya kielektroniki ya TRA, ambayo mfumo wake ulianza mwaka 2010.

Ofisi inaweza kuanza na mradi mmoja kwa miezi mitatu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mbunifu majengo, mali hiyo ni saa zake.