Fangasi Ikirudi Mara ya Tatu

Maduka ya dawa ya Kariakoo, Dar es Salaam, yana mteja mmoja ambaye muuzaji humtambua kabla hajafungua mdomo. Husubiri wenzake wapungue, husogea karibu na kaunta, na hataji ugonjwa, hutaja dawa. "Naomba kile kidonge kimoja." Muuzaji anajua. Ni flukonazoli ya miligramu 150, hufungwa peke yake kwenye kiboksi chepesi. Pesa inapokelewa, kiboksi kinatumbukizwa mkobani, na mteja anapotelea katika msongamano wa Mtaa wa Msimbazi. Hakuulizwa kitu, naye alishukuru kutoulizwa.

Mara nyingi kidonge hicho hutenda kazi yake. Mwanamke mwenye afya, asiye mjamzito, aliyepata fangasi ya ukeni isiyo kali, dozi hiyo moja humtosha. Ninayemhofia ni anayerudi mwezi ujao, na mwingine baada ya huo. Ninamhofia pia mwanamume mwenye kisukari asichokijua, kijana ambaye ulimi wake umetanda utando mweupe, na mjamzito ambaye hajamwambia muuzaji kwamba ana mimba. Kidonge wanachoondoka nacho ni kilekile.

Fangasi tunayoizungumzia inaitwa Candida, na aina inayojulikana zaidi ni Candida albicans. Ni ndugu wa mbali wa hamira inayoumua maandazi. Haitoki mbali: huishi mdomoni, tumboni na ukeni mwa watu wengi wazima bila kuwasumbua, ikizuiwa na bakteria wema na kinga ya mwili. Kizuizi kikilegea, huacha umbo lake la duara, huota nyuzi ndefu na kupenya kwenye ngozi laini. Hapo ndipo panapotokea muwasho, kuungua, na uchafu mweupe mzito. Wanawake takribani watatu kati ya wanne hukutwa na hali hii angalau mara moja maishani.

Waulize wafanyabiashara wanawake wanaoshinda mitaa ya Kongo na Mchikichi, wengi watalaumu vyoo vya kulipia. Ndiyo maana wengine hujibana tangu asubuhi hadi wafike nyumbani Mbagala au Gongo la Mboto, na wengine hujiosha ndani kwa sabuni, dawa za kuua vijidudu au shabu. Choo kichafu kina madhara yake, lakini kandida ya ukeni kwa kawaida haitoki kwenye sinki. Inatoka mwilini mwa mwenyewe. Kujiosha ndani huondoa bakteria wale wale wanaoizuia, na shabu huchubua ngozi ambayo tayari inaumia. Lawama nyingine hupelekwa chumbani: mume humshuku mke, mke humshuku mume. Wataalamu hawaihesabu kandida kuwa ugonjwa wa zinaa, kwa sababu humpata hata ambaye hajawahi kukutana na mwanamume. Ndoa zinazotikisika kwa jambo hili zinatikisika bure, na inauma.

Kinacholegeza kizuizi kiko karibu zaidi na kaunta kuliko na choo. Antibiotiki zinazonunuliwa bila cheti kwa ajili ya "UTI", bila mkojo kupimwa, huua bakteria wema pamoja na wabaya, na fangasi hubaki na uwanja mtupu. Baada ya siku chache mgonjwa yule yule anarudi kutafuta dawa ya muwasho. Mara nyingi atapewa tyubu ya mchanganyiko, yenye dawa ya fangasi, antibiotiki na steroidi ndani yake. Steroidi hutuliza muwasho haraka, mtu akaamini amepona, kumbe imeidhoofisha kinga ya ngozi mahali hapohapo. Akiacha kupaka, hali hurudi, wakati mwingine kwa ukali kuliko mwanzo. Dawa za aina hiyo hiyo ya steroidi hupenyezwa katika mikorogo ya kung'arisha ngozi, na anayejipaka mwili mzima kila siku anaifungulia fangasi mlango kwa mikono yake.

Kisha kuna sukari. Damu yenye sukari nyingi huilisha kandida na kuzipunguzia nguvu seli zinazopambana nayo. Kwa mwanamume, muwasho na wekundu wa ncha ya uume unaorudiarudia unaweza kuwa dalili ya kwanza ya kisukari. Wanaume wa soko la Kariakoo watakueleza wazi kuhusu mgongo unaouma kwa kubeba mizigo, lakini hili watalibeba kimya miezi mingi.

Mjamzito naye hushambuliwa kwa urahisi kwa sababu homoni za ujauzito hubadilisha mazingira ya uke. Kwake kidonge cha kumeza si cha kuchukua kiholela, hasa miezi mitatu ya kwanza. Hutumia klotrimazoli ya kuweka ukeni, kwa siku kadhaa, kwa maelekezo ya kliniki. Steroidi nayo hufanya mdomoni kama inavyofanya kwenye ngozi: wenye pumu wanaoivuta kwa kifaa cha kupulizia wanahitaji kusukutua mdomo kwa maji kila wanapomaliza. Jambo dogo sana, na huokoa ulimi.

Ukitoka Kariakoo, ukavuka Mnazi Mmoja na kushika njia ya Upanga, unafika Muhimbili, na huko jina hilohilo la kandida lina uzito mwingine. Katika wodi za wagonjwa mahututi, wa saratani na watoto njiti popote duniani, fangasi hii huweza kuingia kwenye damu. Hupitia mrija uliowekwa kwenye mshipa mkubwa, au hutoka tumboni mwa mgonjwa aliyepewa antibiotiki kali kwa muda mrefu. Hujenga tabaka linalonata ndani ya mrija ambalo dawa hailipenyi kwa urahisi, kisha husambaa hadi kwenye figo, macho na moyo. Dalili yake ni homa isiyosikia antibiotiki, na homa ya namna hiyo ina sababu mia. Kipimo cha kuotesha damu hukamata takribani nusu tu ya wagonjwa, tena baada ya siku kadhaa. Wengine hufa kabla jibu halijarudi kutoka maabara.

Majirani zetu wamekwisha kukutana na sura mbaya zaidi. Candida auris, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza Japani mwaka 2009 kutoka sikio la mgonjwa, hugoma mbele ya flukonazoli, hung'ang'ania kwenye vitanda na vifaa, na huhama kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi ilipopitia rekodi zake za mwaka 2010 hadi 2016, ilikuta zaidi ya theluthi ya maambukizi ya kandida kwenye damu yametokana na aina hiyo. Nairobi na Dar es Salaam zina wagonjwa wanaopishana kila siku. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya fangasi 19 hatari kwa binadamu, na katika kundi la juu kabisa la fangasi nne, mbili ni kandida: auris na albicans. Aprili 2025 shirika hilo hilo lilieleza kwamba katika miaka kumi ni dawa nne tu mpya za fangasi zilizoidhinishwa Marekani, Ulaya au China. Flukonazoli tunayoitumia kama peremende ni miongoni mwa silaha chache tulizo nazo, na kila inapotumika nusunusu tunaifundisha fangasi namna ya kuikwepa.

Kundi linalonigusa kuliko yote ni la wanaoishi na VVU. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI watambuliwe Kagera mwaka 1983, utando mweupe mdomoni umekuwa miongoni mwa alama ambazo wauguzi wetu walijifunza kuzisoma mapema. Ukishuka hadi kwenye koo la chakula, mgonjwa hushindwa kumeza hata uji, hukonda kwa njaa wakati chakula kipo mezani, na daktari hujua kwamba kinga imeshuka hatua ya mwisho.

Watafiti wa chuo cha Muhimbili, akiwamo Omar Hamza na Mecky Matee, waliufuatilia ugonjwa huu wa mdomoni kwa makini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008 waliwagawa wagonjwa 220 wenye VVU katika makundi mawili: kundi moja lilimeza miligramu 150 za flukonazoli kila siku kwa siku 14, na lingine lilimeza miligramu 750 kwa mkupuo, mara moja tu. Waliopona walikuwa asilimia 95.5 katika kundi la kwanza na 94.5 katika la pili. Ni habari njema kwa mgonjwa asiyeweza kurudi kliniki kila mara. Ila tazama hesabu yake: 750 ni vidonge vitano vya 150 kwa pamoja. Anayeficha utando wa mdomo na kununua kile kidonge kimoja amepata sehemu ya tano ya dozi hiyo. Utando unapungua kidogo, anapata matumaini, na wiki zinapita huku kirusi kikiendelea kula kinga yake.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: fangasi ya ukeni au ya uume ikirudi mara ya tatu, au utando ukitokea mdomoni mwa mtu mzima asiye na sababu inayojulikana, kinachotakiwa ni kipimo cha sukari na cha VVU kabla ya tyubu nyingine. Kipimo cha VVU ni bure katika vituo vya serikali, na Hospitali ya Mnazi Mmoja iko hatua chache kutoka sokoni. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, mtu anaweza pia kujipima mwenyewe. Dawa za kufubaza virusi zimekuwa bure tangu 2004, na mgonjwa anayezitumia vizuri kinga yake hupanda na utando humwondoka.

Sitaki kuwabebesha wauzaji wa dawa mzigo wote. Lakini mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu, ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, ulionyesha kwamba muuzaji akifundishwa hujua wakati wa kuuza na wakati wa kumwelekeza mteja hospitali. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta kwamba kati ya kila watu wazima 100 wanaoishi na VVU nchini, takribani 17 hawakuwa wakijua hali yao. Baadhi yao wanafanya kazi katika mitaa hii ya Kariakoo. Mtu wa kwanza wa afya atakayepata nafasi ya kuona ulimi wao si daktari. Ni yule aliyesimama nyuma ya kaunta, iwapo ataomba mteja afungue mdomo kabla ya kufungua kiboksi.