Somo la Leo: Kusoma Amri za Mashine Pepe

Fungueni madaftari. Leo tutasoma mstari mmoja tu, lakini mstari wenyewe una mambo.

Kompyuta moja kubwa yaweza kubeba ndani yake kompyuta kadhaa zisizo na chuma wala bati, zilizoundwa kwa programu. Hizo huitwa mashine pepe. Msimamizi huziamrisha kwa maandishi, na chombo kimoja cha kazi hiyo ni virsh, cha mradi wa libvirt ulioanza mwaka 2005. Maelezo yake huandika umbo la amri hivi:

virsh [OPTION]... <command> <domain> [ARG]...

Je, tuandike vivyo hivyo? Sivyo. Neno lililofungwa kwa alama < na > ni nafasi ya kujazwa, kama fomu ya posta isemapo "Jina" nawe ukaandika lako. La kwanza ni amri, la pili ni jina la mashine. Lililomo katika [ na ] si lazima. Nukta tatu maana yake waweza kuongeza jingine la namna hiyo. Alama zenyewe usizipige kamwe. Kompyuta ikiona < hudhani unataka kusoma faili.

Basi, kama mashine yetu yaitwa hesabu, twaandika:

virsh start hesabu

Nayo itawaka. Kuizima, tumia shutdown. Amri hii huomba tu, na mashine hufunga kazi zake kwanza; pengine hukawia.

Sasa sikilizeni vizuri. Iko amri destroy, neno la Kiingereza lenye maana ya kuangamiza. Kumbe haifuti diski! Huizima mashine ghafla, kama mtu ang'oaye waya wa umeme ukutani. Karani aliyekuwa akiandika atapoteza asichohifadhi, na faili laweza kuharibika. Lakini undefine, neno la upole, ndiyo iondoayo maelezo ya mashine iliyozimwa. Diski hubaki, ila ukiongeza --remove-all-storage, nazo zafutwa. Kwa maoni yangu, aliyechagua majina hayo hakutusaidia. Ukiwaandikia wenzako maelezo, weka onyo kando ya amri yenyewe, si ukurasa wa mwisho.

Zoezi: virsh list huonyesha mashine zinazowaka tu, ukiongeza --all, na zilizozimwa pia. Andikeni amri zote mbili, kisha amri ya kuizima hesabu bila kumpotezea karani kazi yake. Tutasahihisha juma lijalo. Kwaherini.