Kirusi Kilichopanda Treni ya Katanga

Treni haijawahi kufika Mitwaba. Anayetoka huko kwenye machimbo ya kasiterite kushuka Lubumbashi hupanda lori au pikipiki, na mvua ikikolea safari hugeuka kuwa ya kusukuma. Hata hivyo kirusi cha SIDA, ambacho wauguzi wa Mitwaba hukitafuta kwenye tone la damu ya kidole, kiliingia Katanga kwa reli. Waliogundua hilo walianza kwa kukisoma kirusi chenyewe.

VVU, yaani virusi vya SIDA, ni vya jenasi ya lentivirusi, ndani ya familia ya retrovirusi. Sifa ya kwanza ya jenasi hii ni subira. Mwaka 1954 Björn Sigurðsson, mtafiti wa Iceland, alieleza magonjwa ya kondoo yaliyojitokeza miezi mingi, hata miaka, baada ya mnyama kuambukizwa. Mbuzi, farasi, ng'ombe na paka wana lentivirusi vyao pia. Mwenye mbuzi asihangaike: cha mbuzi hakimshiki mtu. Walio karibu nasi zaidi ni nyani na sokwe, na huko ndiko vyetu vilikotoka.

Sifa ya pili ndiyo inayowasumbua madaktari. Kirusi hiki hubeba vinasaba vyake katika umbo la RNA, kisha kimeng'enya chake huvigeuza kuwa DNA, nayo hupachikwa ndani ya DNA ya seli yetu. Howard Temin na David Baltimore waligundua kimeng'enya hicho mwaka 1970. Retrovirusi vingine hungoja seli igawanyike ndipo vipate kuingia kwenye kiini chake. Lentivirusi havingoji. Hupenya hata kwenye seli iliyotulia, na baadhi ya seli hizo hulala miaka mingi zikiwa na nakala ya kirusi tumboni. Dawa za kila siku huzuia kirusi kisizaliane, lakini nakala iliyolala haziifikii. Ndiyo maana mtu aliyenenepa na kurudi kazini akiacha vidonge, kwa kawaida kirusi hurudi ndani ya wiki chache. Anayevimeza bila kukosa hadi kirusi kisionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa, na hili lingestahili kutangazwa sokoni kwa kipaza sauti.

Kimeng'enya hicho kina uzembe: kinaponakili, hukosea mara kwa mara, na makosa hurithiwa. Ni kama kitabu cha nyimbo kinachonakiliwa kwa mkono kutoka parokia hadi parokia. Ukiona kosa lile lile Likasi na Kolwezi, unajua madaftari yote mawili yametokana na nakala moja. Kwa kulinganisha makosa, wanasayansi huchora ukoo wa kirusi na kukadiria umri wa kila tawi.

Kinshasa ilipokuwa bado Léopoldville, sampuli mbili zilihifadhiwa: damu ya mwaka 1959 na kipande cha tezi cha mwaka 1960. Mwaka 2008 Michael Worobey na wenzake walionyesha kuwa virusi vya sampuli hizo vilikuwa vimeshatofautiana mno, hata mzazi wao wa pamoja lazima awe wa mwanzoni mwa karne ya 20. Wapo wanaoapa kwamba SIDA ilitengenezwa maabara huko Marekani. Wajibiwe kwa tone hilo la 1959. Chanzo cha kundi kuu la VVU ni sokwe wa kusini-mashariki mwa Kameruni, na yaelekea kilimpata mtu kupitia damu ya windo.

Kisha ikaja reli. Mwaka 2014 Nuno Faria na wenzake waliweka ukoo wa kirusi kando ya takwimu za usafiri za wakoloni. Kutoka Kinshasa ya miaka ya 1920, kirusi kilikuwa kimefika Mbuji-Mayi na Lubumbashi mwishoni mwa miaka ya 1930. Njia ilikuwa wazi: tangu 1928 msafiri alipanda meli hadi Ilebo, kisha treni ya kampuni ya BCK hadi Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mji wa shaba. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940, zaidi ya watu milioni moja walisafiri kwa reli za Kongo kila mwaka. Yeyote kati yao angeweza kukibeba miaka mingi bila hata kikohozi. Ugonjwa wa haraka ungemwangusha njiani. Aina C ya kirusi hicho, iliyotia mizizi Lubumbashi na kwingineko kusini mwa nchi, leo imetapakaa Zambia hadi Afrika Kusini, na ni karibu nusu ya maambukizi yote duniani.

Ujuzi wa kupenya kwenye seli iliyotulia umegeuzwa pia kuwa kazi. Lentivirusi vikinyang'anywa uwezo wa kuzaliana, hubeba kinasaba kizima hadi kwenye seli zinazotengeneza damu. Mwaka 2014, katika hospitali ya Necker mjini Paris, mvulana mwenye ugonjwa wa selimundu, SS kama tusemavyo huku, alitibiwa hivyo. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya namna hiyo kwa bei ya dola milioni 3.1 kwa mgonjwa mmoja. Mtoto SS wa Mitwaba bado anategemea asidi foliki, hidroksiurea ikipatikana, na ndugu atakayekubali kumtolea damu.